Upande Mmoja, Mabinti Wawili

Asubuhi ile bado naiona, mwanangu. Ilikuwa Jumamosi, manyunyu ya Landani yakianguka bila ya kuamua kuwa mvua, na shangazi yangu Bi Zuwena alitandika upande wa kanga juu ya meza ya kulia katika flati yao ya kaunsili, yaani ya kukodi kwa serikali ya mtaa, pale Tottenham. Akaniambia, "Mize, shika ncha hiyo. Vuta, usilegeze." Nikashika, nikavuta. Yeye akachukua mkasi.

Nakuandikia haya kwa sababu nawasikia mnavyozungumza, nyinyi mnaoingia vyuoni sasa. Mmoja anatamba kuwa chama fulani cha udugu cha chuoni kwao hakiwezi kumkataa kwa sababu baba yake alikuwamo. Mwengine ananyamaza kwa sababu hana mtu wa kumtaja. Mimi sikupita darasa la saba, na chuo cha hapa nakijua kwa nje tu. Lakini mambo ya kuingia mahali kwa jina la mzazi niliyaona kwa karibu nilipokuwa kijana, na yaliacha jeraha katika nyumba iliyonilea. Nisikilize taratibu, maana na mimi naandika taratibu.

Shangazi alifika nchi hii akiwa msichana, miongoni mwa waliotoka Zanzibar wakaja kusoma wasirudi. Chuoni kwao walikuwapo wanawake wachache wa pwani yetu, wakaunda chama chao, wakakiita Doti. Baadaye wakapata nyumba Thornton Heath ambamo mabinti zetu waliweza kuishi wakiwa wanafunzi, pamoja na mama mmoja mtu mzima wa kuwaangalia. Msichana aliyeingia nyumba ile hakuwa peke yake tena. Waliomtangulia walimwonesha njia, walimtafutia kazi alipomaliza, walimpikia harusi, na akifiwa walikuja kukaa naye bila ya kuitwa.

Desturi yao ilikuwa hivi. Kila anayeingia alipewa doti ya kanga, na wewe unajua doti ina pande mbili. Upande mmoja aliupinda akauvaa siku za mikutano. Wa pili hakuupinda. Aliukunja akauweka kwa ajili ya binti yake. Miaka ikipita, msichana akaja na upande wa mama yake, aliitwa binti wa upande. Huyo alitangulia kuitwa, hakuulizwa kitu. Alitandika kanga mbele ya wanawake, akataja jina la mama yake, wakapiga vigelegele, basi. Wasichana ambao mama zao hawakuwamo waliitwa wa kuja. Wao walikaa nyuma, chini kwenye zulia, wakaulizwa mmoja mmoja, na waliopendeza walipewa vitanda vilivyobaki. Mwaka ambao mabinti wa upande walikuwa wengi, havikubaki.

Niliposikia desturi hiyo mara ya kwanza niliiona nzuri sana. Nilijisemea, mwenye mama na amfaidi mama yake. Wale wa kwenye zulia sikuwafikiria hata kidogo.

Shangazi alikuwa na mabinti wawili, Salma na Warda, wamepishana mwaka mmoja. Salma aliumwa mwaka wa mitihani yake, akarudia, kwa hiyo wakamaliza pamoja na mdogo wake. Wote wawili wakapata nafasi katika chuo kimoja, upande wa pili wa Landani. Salma alitaka ufamasia tangu mdogo. Warda alichagua uhasibu. Baba yao, tuliyekuwa tukimwita Baba Salma, alikuwa mpole kwa kila jambo isipokuwa hili: hakutaka kabisa binti yake apande treni usiku kurudi kutoka huko. Akasema akikaa nyumba ya Doti, na aende. Asipokaa hapo, atafute kitu cha kufanya karibu na nyumbani. Kwa hiyo kitanda kile ndicho kilichokuwa chuo chenyewe.

Na upande wa kanga ulikuwa mmoja. Tangu utotoni ulijulikana kuwa wa Salma, kwa sababu ndiye mkubwa. Kila Idi Shangazi alikuwa akiutoa kwenye sanduku, akiuanika kidogo, akimwambia, "Huu ndio utakaokuingiza, mama. Wewe hutakuwa na haja ya kusema hata neno." Warda alikuwa akitazama tu. Alipokua alianza kufanya mzaha, akiuliza kama yeye aliokotwa kwenye kituo cha basi.

Matokeo yalipotoka, Warda alisema kwa Kiingereza, kama alivyozoea kutujibu, kwamba yeye atakwenda kukaa kwenye zulia na kuulizwa, na haogopi. Jioni akaanza kujizoeza na mimi. Alinikalisha kitandani, akasimama mbele yangu.

"Niulize, Da Mize. Wewe ni wale wanawake."

"Nikuulize nini?"

"Lolote. Niulize kama najua kupika."

"Haya, unajua kupika?"

"Sijui. Lakini najua kuosha sufuria, na nyumba ya wasichana wote wale lazima awepo wa kuosha."

Tukacheka mpaka Baba Salma akagonga ukuta.

Shangazi hakucheka. Alikuwa na lake moyoni. Hakuwa na shaka na Warda, alikuwa na haya. Kwa miaka mingi hakuhudhuria mikutano ya Doti, kwa sababu kazi yake ya kulea wazee ilimchukua mwisho wa wiki. Sasa arudi mbele ya wenzake, binti mmoja kiti cha mbele na mwengine kwenye zulia na wasichana ambao hakuna anayewajua? "Watasema mmoja nimemzaa na mwengine nimemlea tu," aliniambia, akiwa amesimama jikoni hata chai yake haijui iko wapi. Siku chache baadaye ndipo ikafika ile Jumamosi. Alikuwa ameamua kuukata upande vipande viwili ili kila binti ashike chake.

Nilipokuwa nimeshika ncha, wazo lilinijia kwamba si vibaya akauliza kwanza. Lakini mimi nilikuwa mtu wa haya, hata kumwambia dereva wa basi ninakokwenda kulinitoa jasho. Tena nani mimi katika nyumba ile, mtoto wa kaka yake aliyeletwa kutoka Pemba juzi? Nikavuta kitambaa. Mkasi ukapita katikati ya mji wa kanga, ukashuka mpaka kwenye jina, kila kipande kikabaki na nusu ya maneno.

Salma alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni. Akasema kwa Kiswahili, ambacho hakukitumia ila akiwa na jambo kubwa, "Mama, huo ulikuwa wangu."

Shangazi hakuinua kichwa. "Ni wenu," akasema.

Warda naye akasema hakuomba kitu. Na kweli hakuomba.

Siku ya mkutano tulipanda treni ya chini kutoka Seven Sisters mpaka Victoria, tukabadilisha ya juu kwenda Thornton Heath. Salma alikuwa amekunja kipande chake vizuri ndani ya mkoba. Cha Warda kilikuwa katika mfuko wa plastiki wa duka la mboga. Mimi nilipakata bakuli la visheti.

Chumba cha mbele cha ile nyumba kilijaa wanawake. Viatu vilirundikana mlangoni, na harufu ya kahawa ilitupokea kabla ya mtu. Aliyeongoza mkutano alikuwa Bi Raya, mmoja wa waliokianzisha chama, aliyesoma na Shangazi darasa moja. Sauti yake ilikuwa ya chini, na akizungumza wengine hunyamaza ili waisikie. Wakaitwa mabinti wa upande. Walikuwapo wengine wawili. Wakatandika kanga zao, wakataja majina, vigelegele vikapigwa. Kisha Salma na Warda wakaenda pamoja, wakatandika vipande vyao ubavu kwa ubavu.

Vigelegele havikupigwa. Bi Raya aliinama akaugusa ule ukingo uliokatwa.

"Zuwena, nani kakata?"

"Nimekata mwenyewe, Raya. Wote wanangu."

"Najua wote wanao. Nakuuliza kwa nini hukuja kuniuliza."

Shangazi akasema angeuliza nini, na kanuni wote wanaijua, upande mmoja ni msichana mmoja.

"Hiyo ndiyo kanuni unayoijua wewe," Bi Raya akamwambia. "Ungelikuja hata mara moja miaka yote hii, ungelijua tumeongeza. Siku hizi dada akishaingia, upande wake mpya anaweza kumpa mdogo wake, si lazima asubiri kuzaa. Ungelimpa Salma huu mzima, leo yumo, na mwakani angelimleta Warda kwa mkono wake. Sasa umeniletea vitambaa viwili, nifanye nini navyo?"

Bi Raya akanigeukia mimi niliyekuwa nimesimama karibu na mlango na bakuli langu.

"Na wewe, mwanangu, ulikuwepo akikata?"

Nikamjibu kwamba nilishika ncha.

"Ulishika ncha. Na mdomo, aliushika nani?"

Wanawake wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, lakini kicheko kile nimekibeba miaka mingi. Alikuwa amenikemea kwa haki. Mtu mwenye haya hudhani kwamba kunyamaza ni heshima, wakati pengine yeye ndiye pekee aliye karibu na mkasi.

Baada ya kushauriana na wenzake, Bi Raya alisema mabinti wetu wanaweza kukaa na wa kuja na kuulizwa kama wao. Kitanda kilichobaki kilikuwa kimoja.

Akaanza Salma. Aliambiwa aseme yeye ni nani na anataka nini katika nyumba ile. Akataja jina la mama yake. Akasema mama yake ni katika wale wa mwanzo.

"Mama yako tunamjua," Bi Raya akasema kwa upole. "Tuambie wewe."

Salma akanyamaza. Mwanangu, Salma hakuwa mjinga. Kati yao wawili yeye ndiye aliyekuwa na akili nyepesi. Dawa za baba yake zote alizijua kazi zake, na alikuwa akimzuia kunywa hizi na zile pamoja. Lakini tangu utotoni aliambiwa hatahitaji kusema hata neno, na yeye aliamini, akawa hana neno aliloliweka tayari. Akajaribu tena, akaanza, "Mama alikuwa akisema..." Pale nyuma mtu akakohoa, na sentensi yake ikaishia hapo. Akakaa chini akiwa ameinamisha uso.

Warda alipoulizwa kama anajua kupika, akajibu kuhusu sufuria. Alichanganya Kiswahili na Kiingereza, akawaambia kwamba wasichana wadogo wengi wanaogopa hesabu na yeye yuko tayari kuwafundisha katika chumba kile kile kila Jumamosi, kama watampa meza. Wakacheka, na safari hii kicheko kilikuwa kizuri. Kitanda akapewa yeye.

Kulikuwa na msichana mwengine siku ile, aliyekaa karibu na ukuta amevaa sketi iliyopigwa pasi mpaka inakata. Aliulizwa, akajibu vizuri, akaambiwa vitanda vimekwisha. Aliinuka akashukuru kila mtu, akatafuta viatu vyake. Jina lake sikulijua. Ilinichukua muda mrefu kufahamu kwamba vitanda vingine viwili vilichukuliwa kabla yake na wasichana ambao hakuna aliyewauliza hata wanaitwa nani wao wenyewe.

Tukiwa njiani kurudi Salma alimkumbatia mdogo wake, akamwambia hongera, na alimaanisha. Baba Salma hakubadilisha kauli yake. Warda akahamia Thornton Heath, na Salma akapata kazi ya kuuza katika duka la dawa, katika barabara kuu ya Tottenham. Alisema ni kwa mwaka mmoja tu.

Mwaka uliofuata Warda alikuja na upande mpya, mzima, haujapindwa. Mimi na Salma tulikuwa tukilala chumba kimoja, na mimi nilikuwa nakunja nguo. Warda akauweka kitandani.

"Dada, huu wako. Nimeshazungumza na Bi Raya, amekubali."

Salma aliupapasa. Niliuona uso wake ukifunguka, na nikasema moyoni kwamba sasa mambo yamekaa sawa. Lakini Doti walikuwa na desturi nyengine, ambayo hatukupata sababu ya kuitia akilini. Anayeingia kwa upande wa mtu huwa mtoto wake mle ndani kwa mwaka mzima. Humfuata nyuma wakiingia mkutanoni, humtilia kahawa, humwinukia akitokea, na hujulikana kwa jina lake. Kwa mama na binti ilikuwa sawa. Kwa dada mkubwa na mdogo wake nayo ilikuwa sawa.

"Nitaitwa nani huko?" Salma akauliza.

Warda akainyoosha pembe ya ule upande. "Salma wa Warda."

"Na ukiingia chumbani, niinuke."

"Mwaka mmoja tu, Dada. Na mimi sitaki uinuke. Ukikaa sitasema kitu."

"Wao watasema."

"Waache waseme."

Salma akaukunja ule upande taratibu, pembe juu ya pembe. "Mimi ndiye niliyekufundisha kufunga kamba za viatu, Warda," akasema. Kisha akamrudishia.

Warda alilia jikoni, akizungumza Kiingereza cha haraka ambacho sikukifahamu chote. Nilimtilia chai. Shangazi aliporudi kazini nilimweleza yaliyotokea, akakaa kwenye kiti bila ya kuvua koti. Kisha akaniambia maneno ambayo hakuyarudia tena maisha yake. "Niliona haya mmoja kukaa nyuma siku moja. Ningempa Salma upande wake, Warda angeninunia mwaka, ingekuwa imekwisha."

Miaka imepita, mwanangu. Warda alihitimu akaajiriwa katika ofisi kubwa, na ahadi yake ya kufundisha watoto Jumamosi aliitimiza. Salma ule mwaka wake mmoja ukawa miaka mingi. Ameolewa, ana watoto, hana dhiki. Lakini ukienda pale dukani utamkuta anapokea mifuko iliyojazwa na wenye vyeti, anaita jina la mgonjwa, anaikabidhi. Aliniambia siku moja kwamba kabla ya kuukabidhi mfuko husoma kila karatasi iliyobandikwa, na anajua kilichomo na kazi yake. Alinieleza hivyo kama mtu anayezungumzia hali ya hewa.

Yeye na Warda hawakugombana. Afadhali wangegombana. Siku ya Idi hupeana mikono, huulizana watoto na foleni za barabarani, husifiana nguo, kama wageni waliokutana katika nyumba ya mtu wa tatu. Hakuna tena kicheko cha kumfanya mtu agonge ukuta.

Miaka ya elfu mbili ilipoanza tulisikia kuwa Doti wameliondoa lile zulia la nyuma. Kila msichana anakaa mbele na anaulizwa, mwenye upande na asiyekuwa nao. Nilimpelekea Shangazi habari hiyo nikidhani itamfurahisha. Akasema, "Vizuri," akaendelea kuchagua mchele.

Basi nasaha yangu ni hii. Ukienda mahali ambapo mama yako au baba yako alitangulia, lichukue jina lake kwa shukrani, lakini usiliache lizungumze kwa niaba yako. Jizoeze kusema wewe ni nani hata kama umeambiwa hutaulizwa. Tena hasa ukiwa umeambiwa hutaulizwa. Na ukishapita kwa wepesi, geuka umtazame aliyekaa karibu na ukuta, ukijua kitanda chako kilikuwa na mwengine aliyekihitaji.

Siku utakapokuwa mzazi, usimwahidi mtoto nafasi iliyo mikononi mwa watu wengine. Nenda kaulize kanuni za leo, usitegemee za ujana wako. Na kama kuna kitu kimoja na watoto wawili, mpe mmoja ukiwa unamtazama mwengine machoni, ukubali kununiwa. Nimeona mama aliyekwepa kununiwa kwa mwaka mmoja, akawapoteza wawili kwa pamoja.

Na wewe mwenye haya kama nilivyokuwa mimi, ukiona mkasi umeinuliwa juu ya jambo usilolielewa, acha ile ncha uliyoishika. Sema tu, "Hebu tuulize kwanza." Sauti ikitetemeka si kitu.

Mungu akukaribishe mahali panapokustahiki, mwanangu, akupe kinywa cha kujieleza ukifika, na akujaalie wewe na ndugu yako mpishane milangoni bila ya yeyote kati yenu kuinamisha uso. Amin.